Kutoka Kiungani hadi Hai Cinema: Majarida na Somo la Kusoma Habari

Wanafunzi wetu wa ualimu wanapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, sisi wahadhiri hukaa nyuma ya darasa na daftari la tathmini, tumejibana kwenye dawati la mtoto wa miaka kumi. Katika darasa moja la mtaa wa Hai Cinema, hapa Juba, mwalimu-mwanafunzi alikuwa amepata nakala nne za jarida la watoto lililochapwa Kenya, moja ikiwa haina jalada. Watoto zaidi ya arobaini waligawanyika makundi manne, kila kundi likainamia nakala yake. Somo lilikuwa ukurasa mmoja juu ya nyuki: malkia hufanya nini, wafanyakazi hufanya nini, asali hutokana na nini. Walisoma kwa sauti na bila kukwama sana, kwa kuwa baadhi yao walipitia Kakuma na Kiswahili si kigeni kwao. Mwalimu akauliza kama kuna swali. Msichana mmoja akanyosha mkono: "Ustaz, na baadaye yule malkia akaenda wapi?"

Hakuna aliyecheka. Darasa zima lilikuwa likingoja jibu hilo hilo.

Makala haya yametokana na swali la msichana yule. Ni dhahiri kwamba hakuwa na udhaifu wa kusoma herufi wala msamiati. Alichokosa ni kujua kwamba ukurasa ule ulikuwa wa aina nyingine. Tangu alipoanza kusoma Kiswahili, karibu kila kifungu cha ufahamu alichopewa kilikuwa hadithi: Sungura na Fisi, mama wa kambo, mvuvi na samaki wa ajabu. Ana haki ya kutazamia kwamba malkia wa nyuki ataondoka nyumbani, atakutana na jambo, kisha atarudi. Sisi ndio tuliomfundisha hivyo, halafu siku moja tukampa kitu tofauti bila kumwambia.

Tuangalie sarufi kidogo, maana hapo ndipo mlango ulipo. Hadithi ya Kiswahili hutembea kwa -li- na -ka-: Fisi alitoka, akaenda, akakuta. Ukurasa wa nyuki ulikuwa umejaa hu-: nyuki huruka, hukusanya, hurudi. Kiambishi hicho hakina nafsi wala hakifungwi na wakati mmoja. Hakisemi juu ya nyuki fulani wa siku fulani bali juu ya nyuki wote wa siku zote. Kwa mtoto wa Juba kuna ugumu wa ziada. Katika Kiarabu cha Juba, ambacho ndicho lugha ya uwanjani na sokoni, kiambishi bi hubeba mazoea na pia yajayo, na muktadha ndio unaoamua. Baada ya kipindi tuliwaita watoto watatu, tukawaomba watufafanulie sentensi "nyuki hutengeneza asali." Wawili walitueleza kwamba nyuki watatengeneza asali. Wa tatu akauliza lini.

Wageni wanaotoka pwani hufurahi wakisikia jina Hai Cinema, wakidhani ni sinema iliyo hai. Hai hapa ni mtaa: kuna Hai Malakal, Hai Thoura, Hai Commercial. Lakini wageni hao hawajapotea mbali, kwa sababu neno la Kiarabu ni hilo hilo moja lenye maana zote mbili. Kiswahili kikachukua ya uhai, Juba ikabaki na ya mtaa. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa neno jingine tunalolihitaji lina uwili wa namna hiyo. Kusimulia ni kutoa hadithi, na kusimulia pia ni kueleza jambo lililotokea kweli. Na jarida linalohesabiwa kuwa la kwanza la Kiswahili liliitwa Msimulizi.

Msimulizi lilianza mwaka 1888 Unguja, chini ya misheni ya UMCA, katika mazingira ya chuo cha Kiungani. Ukilichukua kwa jina lake utatarajia ngano. Sivyo. Sehemu kubwa ilikuwa habari za vituo vya misheni, Magila, Masasi na vinginevyo, zilizoandikwa na walimu Waafrika waliokuwa wamesoma Kiungani na kutumwa bara. Ni kweli kwamba Edward Steere alikwisha kuchapisha hadithi za Unguja mwaka 1870, tena kitabu kizuri. Lakini kile kilichapwa London, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, kwa faida kubwa ya mgeni anayejifunza lugha. Msimulizi lilisomwa na watu wale wale walioliandika. Mwalimu wa Masasi aliyepata nakala alikuwa akisoma mambo ya mwenzake wa Magila, na alijua kwamba toleo lijalo huenda likabeba barua yake mwenyewe.

Hapo tunaona jambo ambalo vitabu vyetu vya mbinu za kufundishia hulipita haraka. Msomaji wa habari wa Kiswahili alizaliwa pamoja na mwandishi wa habari, ndani ya shule, na mara nyingi walikuwa mtu mmoja. Katika miaka ya 1890 misheni hiyo hiyo ilikuwa na Habari za Mwezi huko Magila. Mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya Wajerumani, shule ya serikali ya Tanga ikawa na gazeti lake, Kiongozi, lililochapwa katika mtambo wa shule yenyewe. Waandishi wake wengi walikuwa walimu na makarani waliotoka katika shule hizo, ambao sasa wametawanyika bara na wanaandika kueleza mambo ya huko waliko. Mwaka 1910 Walutheri wakaleta Pwani na Bara. Haya hayakuwa majarida ya watoto kwa maana ya leo, yenye picha za rangi na mafumbo ya kujaza. Yalikuwa majarida ya shule, na mtu aliyajua kwanza akiwa mwanafunzi.

Mkubwa wao ni Mambo Leo. Lilianzishwa Januari 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika, likitoka kila mwezi Dar es Salaam, na liliendelea kwa miongo kadhaa. Msomaji wa leo hulikumbuka kwa mashairi, kwani Shaaban Robert na wenzake wengi walichapisha humo, na watafiti wetu wa fasihi wamelichimba hasa kwa ajili hiyo. Ni haki yao. Lakini ukikifikiria kitu chenyewe mkononi mwa mwanafunzi wa wakati ule, mashairi yalikuwa sehemu tu. Kulikuwa na habari za miji, kilimo, afya, historia za makabila zilizoletwa na wasomaji, na barua. Idara ilikuwa na shida ya wazi: shule zilitoa vijana wanaojua kusoma, na nje ya shule hapakuwa na cha kusoma. Kijana aliyemaliza darasa la nne na asiguse karatasi kwa miaka mitano husahau. Jarida lilikuwa dawa ya usahaulifu huo.

Hata hivyo hatupendi kuyasifu majarida hayo kupita kiasi. Kila moja lilikuwa na mwenyewe. Msimulizi lilikuwa la misheni na lilitazama dunia kwa dirisha la misheni. Kiongozi lilipofikia Vita vya Kwanza vya Dunia lilisimulia vita kwa upande wa Wajerumani, hadi lilipokoma mwaka 1916. Mambo Leo lilieleza kilimo kama serikali ilivyotaka watu walime, na mtu asiyependa ushauri huo hakupewa ukurasa sawa na bwana shamba. Katika hadithi mtoto hahitaji kuuliza nani amesema Sungura ni mjanja. Katika habari swali hilo ndilo nusu ya kusoma. Ukurasa wa magazeti hayo una faida kubwa darasani leo kwa sababu hiyo: uko mbali vya kutosha kiasi kwamba hata mwanafunzi wa sekondari huona mara moja nani anazungumza na anataka nini. Akishaliona hapo, tunamwelekeza kwenye gazeti la jana.

Sasa, mbona mambo haya yalifika Masasi na Tabora yasifike Juba? Jibu moja liko karibu sana na Hai Cinema, kusini kidogo ukifuata Nile, mahali paitwapo Rejaf. Mwaka 1928 unajulikana kwa kila mwanafunzi wa Kiswahili kwa ajili ya mkutano wa Mombasa, uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na uliotuletea Kamati ya Lugha mwaka 1930. Wachache hukumbuka kwamba mwaka huo huo wa 1928 kulikuwa na mkutano mwingine wa lugha, huko Rejaf, kuamua Sudan ya Kusini isome kwa lugha gani. Mtaalamu wa lugha Diedrich Westermann alihudhuria. Mombasa ilijumlisha, Rejaf iligawa. Zilichaguliwa lugha za makundi: Kibari, Kidinka, Kinuer, Kishilluk, Kizande na Kilotuko, na nyingine kwa madarasa ya mwanzo, kisha mtoto apande kwenye Kiingereza.

Hatusemi Rejaf ilikosea kumwanzisha mtoto kwa lugha ya mama yake. Walimu wengi leo wangeunga mkono hilo. Tunasema tu kwamba jarida linataka wasomaji wengi ili liweze kuishi. Lugha sita katika shule chache za misheni zingeweza kupata kitabu cha kujifunzia kusoma, katekisimu na nyimbo. Kupata kitu cha kila mwezi, chenye habari mpya na barua za wasomaji, ni jambo jingine kabisa.

Khartoum nayo ilikuwa na safari yake. Chuo cha walimu cha Bakht er Ruda kilifunguliwa mwaka 1934 karibu na Ed Dueim chini ya V. L. Griffiths, na mwaka 1946 Ofisi ya Machapisho ya Khartoum, iliyotokana na kazi hiyo, ilianza kutoa jarida la watoto la Kiarabu, Al-Sibyan, yaani Wavulana. Watu wazima wa Sudan bado wanamkumbuka mhusika wake wa vikatuni, mjomba Tango. Lengo lilifanana na lile la Mambo Leo kana kwamba waliambizana: mtoto aliyetoka shule ya vijijini asisahau kusoma. Tofauti ni kwamba hili lilikuwa la watoto waziwazi. Lakini mtoto wa Juba alikuwa katika mfumo mwingine, wa misheni, lugha za kienyeji na Kiingereza, na Kiarabu kilipokuja kutiliwa mkazo katika shule za Kusini, na shule za misheni zilipotwaliwa na serikali mwaka 1957, lugha hiyo ilikuwa imekwisha kuwa jambo la ugomvi. Jarida la watoto halipendwi likija na askari nyuma yake.

Kwa Afrika Mashariki yaliyofuata yanajulikana, nasi tutayapitia upesi. Tanzania ilipopunguza idadi ya watu wazima wasiojua kusoma kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi 27 mwaka 1977, kwa takwimu zilizotangazwa, ilibidi iwape wasomaji wapya kitu cha kusoma, na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho la Mwanza yakazaliwa. Kenya katika miaka ya 1980 ilikuwa na Pied Crow, jarida la vikatuni la Kiingereza lililogawiwa bure katika shule za msingi, likifundisha afya na mazingira. Uganda ikapata Straight Talk mwaka 1993 na baadaye Young Talk kwa madarasa ya juu ya msingi. Tanzania ikapata Femina, na mwaka 2003 Si Mchezo!, lililoandikwa kwa ajili ya vijana wa vijijini pamoja nao. Mengi ya haya yalisimama kwa fedha za wafadhili, na wafadhili huondoka. Hilo tuliandike kama lilivyo.

Kiswahili cha darasa lile la nyuki hakikuja kwa mkutano wowote. Kilikuja kwa lori na kwa basi. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya watoto na watu wazima waliokimbia kutoka Sudan ya Kusini, na shule zake zilifuata mtaala wa Kenya, wenye Kiswahili kama somo la lazima. Baada ya mkataba wa amani wa 2005 watu wakaanza kurudi, na wafanyabiashara wa Kenya na Uganda wakaja pamoja nao hadi Konyo Konyo na Custom. Katiba ya mpito ya 2011 ilifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi. Nchi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kiswahili kikapata heshima mpya katika hotuba. Heshima hiyo bado haijawa rafu ya vitabu.

Ndiyo maana tunashikilia jambo hili la habari. Kipindupindu kilipozuka Juba mwaka 2014, na tena 2015 na 2016, kuta za mji zilijaa mabango: kidonge kimoja kwa maji kiasi gani, usubiri dakika ngapi, nani apelekwe kituoni na kwa dalili zipi. Maandishi ya namna hiyo hayana Fisi wala mwisho mwema. Yana kiasi, mpangilio na sharti: kama hivi, basi vile. Mtoto ndiye mara nyingi msomaji pekee nyumbani, naye ndiye anayetumwa asome bango na kurudi na jibu. Akilisoma kama hadithi, atarudi na kisa cha mtu aliyeumwa tumbo.

Tulifanyaje basi katika darasa lile? Kwanza tulifanya kosa. Tulimshauri mwalimu-mwanafunzi aandike ubaoni maana ya hadithi na maana ya habari, safu mbili, kwa mstari wa rula. Watoto walinakili kwa mwandiko mzuri sana. Wiki iliyofuata wakauliza tena swali la baadaye.

Mara ya pili tuliacha maana, tukarudi kwenye jarida lenyewe kama kitu. Jarida si kitabu, na watoto walikuwa wakilisoma kama kitabu, kutoka kona ya juu hadi mwisho. Tukamwomba mwalimu awakataze kusoma kwa dakika tano. Watazame tu: kichwa cha habari kiko wapi, picha iko wapi, maneno madogo chini ya picha yanasema nini ambayo picha haisemi, tarehe iko wapi. Tarehe iliwashangaza, jarida lilikuwa na miaka mingi kuliko baadhi yao. Kisha kila kundi likaandika swali moja ambalo linadhani ukurasa utalijibu, na likaruhusiwa kusoma kipande kile tu chenye jibu na kuruka vingine. Kuruka! Mmoja wa walimu wenyeji wa shule hakupendezwa, akasema tunawafundisha uvivu. Tulimwelewa, kwani nasi tulifundishwa kwamba kuruka aya ni dhambi. Lakini hakuna anayesoma ratiba ya basi kuanzia mstari wa kwanza.

Halafu tukaja kwenye hu-. Mwalimu alichukua sentensi tatu za nyuki na kuzigeuza hadithi: nyuki aliruka, akakusanya, akarudi. Watoto wakazisoma zote mbili, kwa Kiswahili, kisha wakazieleza kwa Kiarabu cha Juba, wakabishana wenyewe kama ni nyuki yule au ni nyuki wote. Ubishi huo ulichukua muda uliobaki wa kipindi na hatukuusimamisha. Tumeona baadaye kwamba zoezi hili la kugeuza linafaa hata kwa wanafunzi wa chuo, ambao baadhi yao huandika ripoti za utafiti zilizojaa -ka- kama ngano za jioni.

Upungufu wa nakala haukutusumbua kama tulivyohofia. Wanafunzi wetu wameleta kurasa za magazeti ya Kenya na Uganda yaliyofungia mandazi na sabuni, wakazipasi na kuzibandika kwenye maboksi. Ukurasa uliochanika una somo lake pia: mwanzo haupo, tarehe haipo, basi tutajuaje ni wa lini na nani kaandika? Makundi mawili yalitambua mwaka kwa kutumia tangazo la mechi ya mpira lililokuwa nyuma ya ukurasa.

Na mwisho wa muhula tukafanya walichofanya Kiungani, bila mtambo wa kuchapia. Boksi nne za katoni, ukutani, kila mtoto na habari yake moja juu ya jambo analolijua kuliko sisi: kisima cha mtaa, boda boda, embe, tanki la maji, kaka anayetengeneza simu. Sharti lilikuwa jina la mwandishi, tarehe, na mstari mmoja wa kueleza amejuaje. Mstari huo wa mwisho ndio uliowatoa jasho. Mvulana aliyeandika juu ya boda boda aliandika "najua kwa sababu ni kweli," akarudishwa, akaenda kumuuliza dereva.

Msichana wa malkia wa nyuki aliandika juu ya kisra, ambayo mama yake huuza. Alieleza jinsi unga wa mtama huchanganywa na maji, huachwa uchachuke, kisha humiminwa kwenye sahani ya moto na kutandazwa haraka kabla haujakauka. Hu- zote zilikaa mahali pake, na chini aliandika kwamba amejua kwa sababu yeye ndiye hutandaza. Kisha, kwenye mstari wa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo: "Zikaisha zote, mama akarudi nyumbani." Mwalimu-mwanafunzi alitutazama, kalamu nyekundu mkononi, akingoja tuseme kitu. Tukamwomba aiache.